Mtoto anapobaki peke yake shuleni: jinsi ya kutambua mapema na nini cha kufanya

Mtoto anaweza kukaa darasani na wenzake 80, akatembea nao barabara moja kwenda na kurudi, na bado siku nzima ikapita bila mtu kumwita jina isipokuwa mwalimu anapoita mahudhurio. Hali hiyo ndiyo tunayoieleza hapa. Haiachi alama mwilini. Haimpi mtoto kesi ya kupeleka kwa mwalimu wa zamu, maana "amenipiga" ni kesi, lakini "hawaniongeleshi" huonekana ni deko. Ndiyo maana mzazi mara nyingi huwa wa mwisho kujua, na hujua pale alama zimeshashuka au mtoto ameshaanza kukataa shule.

Makala hii imeandikwa kwa mama, bibi, shangazi, baba na yeyote anayelea mtoto wa shule ya msingi au sekondari. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini mzazi wa Kenya au Uganda ataitambua bila shida.

Mtulivu, aliyetengwa, mpweke

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna mtoto mtulivu kwa asili. Huyu hupenda kusoma au kukaa chini ya mti, ana rafiki mmoja au wawili, na akiitwa kucheza anaweza kukubali au kukataa. Haumwi, wala hana haja ya kusukumwa awe msemaji kama dada yake. Kuna mtoto aliyetengwa, yaani wenzake hawamkaribishi, hawamchagui, na akisogea wanasogea. Na kuna mtoto mpweke, ambaye anaweza kuwa na watu wengi kumzunguka lakini moyoni anaona hakuna anayemjua. Anayechekesha darasa zima anaweza kuwa mmoja wao.

Ukitaka kupambanua, angalia hiari. Mtoto akikaa peke yake kwa sababu amependa, hurudi nyumbani ana amani. Akikaa peke yake kwa sababu hana pa kwenda, kuna kitu kitabadilika: usingizi, hamu ya kula, hasira au masomo.

Hili si jambo la kudekeza watoto wa siku hizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume maalumu ya mahusiano ya kijamii mwezi Novemba 2023, na ripoti ya tume hiyo ya Juni 2025 ilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, vijana wakiwa miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba vijana wapweke wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 22, wa kupata alama za chini katika masomo. Na kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hulielewa haraka wakilisikia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwachezesha wanafunzi wachache wa chuo mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha katikati ya mchezo wakaacha kuwarushia. Picha za ubongo zilionyesha kuwa sehemu inayohusika na adha ya maumivu ya mwili ndiyo iliyoamka. Kwa hiyo mtoto akisema "inauma", hatii chumvi.

Januari ya kidato cha kwanza

Upweke unaweza kumpata mtoto wa umri wowote, lakini kama ni kuchagua kipindi kimoja cha kuweka jicho karibu, tungechagua miezi mitatu ya kwanza ya kidato cha kwanza.

Fikiria kinachotokea. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba na watoto wale wale aliocheza nao rede na kombolela. Baada ya mtihani wa taifa kundi linatawanyika: mmoja amepangiwa shule ya kata hii, mwingine ile ya ng'ambo ya mto, mwingine amepelekwa bweni, mwingine ameishia hapo. Januari anaingia geti jipya hajui mtu. Shule iko mbali zaidi, kwa hiyo anaamka alfajiri kugombania daladala na anarudi jioni amechoka, hana muda wa kukaa na majirani zake wa zamani.

Juu ya hayo inakuja lugha. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote ni ya Kiingereza. Yule aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono darasa la sita ananyamaza, kwa sababu akikosea neno darasa litacheka, na wanaocheka kwa sauti zaidi mara nyingi ni waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza. Baada ya wiki chache darasa limeshagawanyika: wanaoongea na wasioongea. Mtoto asiyeongea darasani anaanza kutoongea hata nje ya darasa. Walimu humwandika "mpole" kwenye ripoti, na mzazi hufurahi.

Shule nyingine bado zina desturi ya kumvisha kibao shingoni mwanafunzi aliyekamatwa akiongea Kiswahili, akivue pale tu atakapomkamata mwenzake. Tunaelewa nia ya walimu, lakini kwa maoni yetu desturi hii inafundisha jambo moja vizuri sana, nalo ni kumkwepa mwenzako. Mtoto ambaye Kiingereza chake ni kidogo anaona salama yake ni kufunga mdomo na kukaa mbali. Kamati ya shule au bodi ina haki ya kulijadili hilo, na mzazi ana haki ya kuliuliza kwenye kikao.

Kama wewe mwenyewe hukusoma Kiingereza, bado unaweza kusaidia. Mwambie mtoto akufundishe sentensi tano alizojifunza leo. Akosee, nawe ukosee, mcheke pamoja. Anayezoea kukosea mbele ya mama yake hupungukiwa na hofu ya kukosea mbele ya watu 60. Pia mtafutie mwenzake mmoja wa mtaani wa kufanya naye kazi za nyumbani, hata kama wanasoma shule tofauti.

Nani hutengwa zaidi

Mtoto mgeni, aliyehama katikati ya mwaka. Mtoto ambaye sare yake imechakaa au viatu vimechanika. Mtoto anayelelewa na bibi baada ya wazazi kufariki. Msichana aliyevunja ungo mapema, au aliyewahi kuchafuka darasani. Msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua: tangu Novemba 2021 waraka wa serikali ya Tanzania umemruhusu kurudi, lakini waraka hauwezi kumpa mtu wa kukaa naye dawati moja, na hilo linabaki kazi yetu watu wazima.

Kisha kuna sababu za afya. Hizi tunaziweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa nyingine zinatibika na wazazi hawazihusishi na upweke.

Masikio ni ya kwanza. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara, au ambaye nta imeziba, hasikii vizuri. Wenzake wanamwita hageuki, wanasema ana maringo. Wanacheka utani yeye hajausikia, wanaona ni mjinga. Baada ya muda wanamwacha. Kabla hujahitimisha kwamba mtoto wako "hapendi watu", mpeleke akapimwe masikio. Macho nayo ni hivyo hivyo: asiyeona mbali hawezi kudaka mpira, na asiyeweza kudaka mpira haitwi kucheza. Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu karibu kila mara, hivyo kukaa mbele na kuvaa kofia na mikono mirefu si upendeleo, ni sehemu ya matibabu yake.

Kifafa ni cha pili. Bado wapo watu wanaoamini kwamba povu au mkojo wa mtoto aliyeanguka huambukiza, na wanafunzi wakiamini hivyo hukimbia. Kifafa hakiambukizi kwa njia yoyote. Mwanafunzi anayejua kumlaza mwenzake ubavu, kuondoa vitu vigumu pembeni na kutomtia kitu mdomoni, huacha kuogopa, na asiyeogopa hatengi. Mwombe mwalimu wa darasa au muuguzi wa kituo cha afya jirani awafundishe wanafunzi dakika 15 tu. Lakini mwulize mtoto wako kwanza kama anataka liongelewe darasani.

Mtoto mwenye selimundu hukosa shule mara nyingi kwa maumivu na huweza kuchelewa kukua kimwili, hivyo wenzake wanaota ndevu yeye bado anaonekana wa darasa la nne. Mtoto anayekojoa kitandani bwenini hujitenga mwenyewe kabla hajatengwa. Na mtoto anayetumia dawa za VVU hubeba siri ambayo hawezi kuigawa. Hapa sheria iko upande wako: Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda usiri wa hali ya mtu. Mkubaliane na kliniki saa ya kumeza dawa isiyomweka mtoto mbele ya macho ya bweni zima.

Utaonaje ukiwa nyumbani

Dalili moja peke yake haina uzito sana. Tazama mtiririko wa wiki mbili au tatu.

Tumbo na kichwa huongoza. Mtoto anaumwa Jumapili jioni na Jumatatu alfajiri, lakini Jumamosi mzima kama kengele. Wengi wetu hukimbilia kupima malaria na taifodi, na kupima si vibaya, maana huenda ni malaria kweli. Ila vipimo vikitoka safi mara ya pili, anza kuuliza kuhusu shule badala ya kuongeza vidonge. Wala usimwambie anajifanya. Tumbo linaloumwa kwa wasiwasi linauma kwelikweli.

Pia utaona anachelewa kutoka nyumbani kwa makusudi ili asikutane na kundi barabarani, au anawahi kupita kiasi kwa sababu hiyo hiyo. Anarudi na hela ya vitafunwa bila kuitumia, kwa kuwa hataki kusimama peke yake kwenye foleni ya mihogo. Au kinyume chake: hela inaisha haraka na anaomba zaidi, kwa sababu ananunua urafiki kwa ubuyu na soda. Hataji jina la mtu. Ukimuuliza juu ya wenzake anasema "wao" na "wale". Anacheza na wadogo zake tu. Anajenga urafiki na simu yako.

Kwa wasichana hasa, kutengwa huja bila kelele. Kundi linamchunia: wanapita, wanasalimia wa kulia na wa kushoto, yeye wanamruka. Siri yake inasambazwa. Anatolewa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, au linaanzishwa jipya asilojua. Wavulana nao hutengana, lakini kwa kawaida utasikia jina la utani la kejeli kabla ya ukimya.

Jinsi ya kuuliza

Ukiuliza "una marafiki?" atajibu "ndiyo", mazungumzo yamekwisha. Mtoto ana aibu ya kukiri kwamba hapendwi, na anaogopa kukuumiza wewe.

Uliza mambo madogo yanayohusu mahali na saa. Leo mapumziko ulikaa wapi? Ulikunywa uji na nani? Mwalimu alipowagawa makundi, wewe ulienda kundi gani? Nani hakuja leo? Kama hupati kitabu, unamwomba nani? Mtoto aliye na watu atajibu bila kufikiri. Aliyetengwa atajibu "popote tu", "mwenyewe", "sikumbuki". Swali la makundi ni zuri kuliko yote, kwa kuwa ndipo mtoto asiyechaguliwa hujulikana.

Uliza mkiwa na kazi mkononi. Mkichambua mchele, ukimsuka nywele, mkifua, mkitembea kwenda dukani. Mtoto wa miaka 13 akikalishwa kwenye kiti mkabala na mama yake huona amefanya kosa. Akiangalia sufuria, ulimi unalegea. Na akianza kusema, usimkatize kwa "nani huyo, nimfuate kwao!" Mwache amalize. Kisha sema kitu kama: "Pole, mwanangu. Hilo linauma. Nimefurahi umeniambia. Tutafikiri pamoja."

Kuna jibu moja ambalo wazazi wengi hulitoa kwa upendo na ambalo hufunga mlango: "Achana nao, hukwenda shule kutafuta marafiki, umefuata masomo." Mtoto anachosikia ni kwamba shida yake si shida. Tena si kweli. Anayejua nani wa kumuuliza hesabu iliyomshinda hufaulu kuliko asiyejua. Jibu jingine la kuepuka ni kumlinganisha: "Mbona dada yako ana marafiki?"

Hatua unazoweza kuanza nazo wiki hii

Lengo lisiwe kundi. Lengo liwe mtu mmoja. Mtoto mwenye rafiki mmoja wa kweli shuleni hustahimili mengi ambayo asiye na yeyote hawezi.

Mwombe mtoto akutajie mwanafunzi mmoja ambaye si mkali kwake. Huenda si rafiki. Huenda ni yule tu asiyecheka. Anzia hapo. Urafiki wa watoto hujengwa kwa kufanya kitu pamoja zaidi kuliko kwa kuongea, kwa hiyo tafuta shughuli: kutembea njia moja asubuhi, kufanya zoezi la jiografia, kumwazima kitabu, kwenda madrasa au kwaya moja. Mwalike mtoto huyo nyumbani Jumamosi kwa jambo dogo. Usipike pilau kana kwamba kuna sherehe. Mtoto wako ataona haya na mgeni atashtuka.

Mfanyishe mazoezi ya kuingia kwenye mchezo unaoendelea, maana huo ni ujuzi unaofundishika. Wanaoshindwa mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: husimama mbali wakisubiri kuitwa, au huingia kwa kishindo na kubadilisha kanuni. Anayefaulu husogea karibu, huangalia mchezo uko wapi, husifia au kuokota mpira uliotoka, kisha huuliza "naingia upande gani?" Igizeni sebuleni pamoja na wadogo zake. Mweleze pia kwamba akikataliwa mara moja si mwisho. Kesho ajaribu kwa watu wengine.

Vikundi vya shule vina nguvu kwa watoto wasiojua kuanzisha mazungumzo, kwa sababu pale kazi ndiyo inayoongea. Skauti, kwaya, bustani ya shule, klabu ya masomo, klabu za Fema kwa sekondari nyingi za Tanzania, timu ya netiboli. Kama mtoto wako hana mbio, anaweza kuandika matokeo. Si lazima awe uwanjani ili awe sehemu ya timu.

Kwenda kwa mwalimu

Nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza, au mwalimu wa malezi na ushauri nasaha kama shule inaye. Usiende asubuhi wakati wa mstarini wala usipige kelele mlangoni. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, ilhali kiwango rasmi cha shule ya msingi ni 45, hawezi kuona kila kitu, na akihisi umekuja kumshitaki atajitetea. Sema ulichokiona na unachoomba: "Mwalimu, habari za kazi. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu wa kidato cha kwanza B. Kwa wiki tatu sasa anakaa peke yake mapumziko na anaumwa tumbo kila Jumatatu. Naomba unisaidie kumwangalia wiki hii, halafu nirudi Ijumaa tuzungumze."

Mwombe mambo mahususi. Ambadilishie kiti, akae karibu na mtoto mwenye roho nzuri. Ampe kazi inayomkutanisha na wengine, kama kugawa madaftari. Na aache kuwaruhusu viongozi wawili wachaguane timu mbele ya wote. Kila darasa lina mtoto anayebaki wa mwisho, na kila siku ni yule yule. Mwalimu anaweza kuwahesabu moja, mbili, tatu, nne. Wote wenye moja kundi moja. Inachukua dakika ileile.

Omba pia asimtangaze. "Kuanzia leo mcheze na fulani, mama yake amelalamika" ni sentensi inayoweza kumfukuza mtoto shule.

Mwalimu anayetaka kujua hali ya darasa lake zima ana njia ya zamani na rahisi, iliyoanzishwa na daktari Jacob Moreno katika miaka ya 1930. Kila mwanafunzi anaandika kwenye karatasi, kwa siri, majina matatu ya wenzake angependa kufanya nao kazi. Mwalimu anakusanya na kuhesabu nyumbani. Majina yasiyoandikwa na mtu yeyote yatamshangaza. Karatasi hizo zisisomwe hadharani kamwe. Zikisomwa, mwalimu amelitengeneza tatizo alilokuwa akilitafuta.

Njia nyingine tunayoipenda ilibuniwa mwaka 1971 huko Austin, Texas, na mwanasaikolojia Elliot Aronson, wakati shule za weupe na weusi zilikuwa zimeunganishwa na watoto hawataki kukaa pamoja. Somo linakatwa vipande vitano au sita, kila mwanafunzi katika kikundi anapewa kipande chake na kuwafundisha wenzake. Hakuna atakayefaulu jaribio bila kumsikiliza kila mmoja, hata yule wanayemdharau. Kwa shule yenye vitabu vichache njia hii inafaa kuliko mtu anavyodhani: ukurasa mmoja ulionakiliwa kwa mkono na kukatwa unatosha kikundi kizima.

Mfundishe mwanao kumwona mwenzake

Mtoto mwenye marafiki naye ana sehemu yake. Wanafunzi huona upweke kabla ya mtu mzima yeyote, ila hawajafundishwa kwamba wanachokiona ni shida. Mwulize mwanao: darasani kwenu nani hukaa peke yake kila siku? Karibu kila mtoto atakuwa na jina. Kisha mfundishe kufanya jambo dogo lisilomwaibisha yule mwenzake. "Njoo tukae wote" huonekana kama huruma. "Tumepungukiwa mtu mmoja, njoo uongeze" au "hili swali la tatu umelipata?" humpa mtu nafasi bila kumshusha.

Na mwambie ukweli kwamba watoto huogopa kumkaribia aliyetengwa kwa kuhofia nao watengwe. Hofu hiyo si ujinga. Ndiyo maana ni rahisi zaidi wakienda wawili.

Je, kama mwanao ndiye anayetenga? Itakuuma kusikia, lakini usikane haraka mbele ya mwalimu. Viboko havifundishi kumkaribisha mtu. Mwulize nini kinatokea kundini, nani anaamua nani aongeleshwe, naye anaogopa nini. Mara nyingi utakuta na yeye anashikilia nafasi yake kwa kucha. Sikiliza pia maneno yenu nyumbani kuhusu jirani mwenye mtoto mlemavu, kuhusu kabila fulani, kuhusu "watoto wa geti kali" au "wa uswahilini". Orodha ya watu wa kutengwa watoto huibeba kutoka sebuleni.

Bwenini

Shule ya bweni inahitaji maneno yake, kwa kuwa kule mtoto aliyetengwa hana nyumbani pa kupumulia jioni. Mgeni, yaani njuka, hufikia mahali ambapo makundi yameshajengwa, na mengi yamejengwa kwa tranka: nani ana sukari, nani ana karanga, nani ana kitu cha kugawa. Huna haja ya kumjazia mtoto vitu, lakini kama unaweza, kitu kidogo cha kula na wenzake ni bora kuliko kikubwa cha kula mwenyewe.

Pata namba ya matroni au patroni na uitumie, maana kwa kawaida simu kwa wanafunzi ni marufuku. Siku ya kutembelewa, kama huwezi kufika, mtume shangazi, kaka au jirani. Mtoto ambaye hakuna anayemjia muhula baada ya muhula huanza kuikwepa siku hiyo kwa kujificha bwenini. Na ukienda kumwona wako, mwulize nani hajapata mgeni, mle naye.

Dalili za hatari

Kuna wakati upweke umevuka mambo ya kushauriana nyumbani. Mpeleke mtoto kituo cha afya kama kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni au hasira karibu kila siku, halali au analala mno, hali, ameacha vitu alivyovipenda, au anakataa shule kabisa. Eleza kwa mhudumu kwamba unaomba aangaliwe afya ya akili, si malaria tu. Kuna tiba za maongezi zinazosaidia vijana, na si lazima zitolewe na daktari bingwa: nchini Kenya utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mpango wa Shamiri ulionyesha kuwa vikao vinne vya vikundi, vikiongozwa na vijana waliofundishwa, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa wanafunzi wa sekondari.

Usisubiri wiki mbili kama mtoto anasema heri asingezaliwa, anagawa vitu vyake, anajikatakata, anaandika maneno ya kuaga, au anasema atajiua. Mwulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo; humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Usimwache peke yake hata usiku. Ondoa sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote vilivyomo ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimwambie anataka kukuaibisha.

Kama kuna kupigwa, kuporwa, kutishwa, kushikwashikwa au ngono ndani ya habari hiyo, basi si suala la marafiki tena. Nenda kwa mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kata, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Namba 116 ni ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Ni bure, saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila mzazi kujua. Mzazi pia anaweza kupiga kuomba ushauri. Iandike ndani ya jalada la daftari lake, upande ambao hatalazimika kumwonyesha mtu.